Carina ya mjomba na jini la senta loku

Najua nimepotea. Mitihani ya semesta ilinikaba koo, halafu ikaja likizo, na likizo yenyewe nimeimalizia nimepiga magoti mbele ya milango ya gari. Ndiyo, milango ya gari! Leo hakuna habari za foleni ya kantini wala za yule mwenzetu anayekaanga mayai kwa pasi bwenini. Leo ni senta loku tu. Msinicheke kwanza, someni.

Niwape picha. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana Toyota Carina Ti ya mwaka 1999. Mimi sijazaliwa, yenyewe ilikuwa tayari inakula lami Japani. Sasa inakula vumbi. Inapakia abiria kati ya Nkome na Geita mjini kupitia Nzera, na kwetu Kanda ya Ziwa gari dogo la kazi hiyo linaitwa mchomoko. Kwa wasiokujua, Nkome ni mwalo, uko kando ya Ziwa Victoria ndani ya wilaya ya Geita. Watu wakisikia Geita wanawaza dhahabu tu, mgodi mkubwa na vijana wa mashimo ya Rwamgasa na Nyarugusu. Sisi wa Nkome dhahabu yetu ina magamba. Sangara na dagaa wanashushwa alfajiri, wanaokwenda hifadhi ya Rubondo nao kuna boti za kuwachukua hapo hapo, na kila anayetoka majini anataka gari la kumfikisha mjini. Kwa hiyo gari lenye milango minne inayofunguka ni mtaji.

Sasa shida ilianza hivi. Milango ikawa inajifunga yenyewe. Mjomba yuko barabarani anakwepa mashimo, hajagusa kitu, anasikia "kwap!" milango yote imejiloki. Akibonyeza kufungua, ya mbele inatii, ya nyuma inategemea imeamkaje siku hiyo. Abiria wa kwetu si mnawajua tena... siku ya kwanza wakacheka, siku ya tatu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema gari liliwahi kubeba maiti likawa halikuoshwa. Mwingine akasema hapana, ni jini, limekuja na gari kutoka Japani. Jini la Kijapani!

Mwezi wa tano mambo yakawa si ya kucheka. Usiku, jirani yetu alishikwa na uchungu, ikaonekana apelekwe Geita haraka. Gari lililokuwa karibu ni la mjomba. Wakampakia nyuma na mumewe, wakaondoka. Njiani milango ikajiloki kama kawaida yake, hakuna aliyejali, akili zote zilikuwa kwa mgonjwa. Wanafika hospitali, machela imeletwa, mlango wa nyuma kushoto haufunguki. Wa kulia haufunguki. Vile vidude vya ndani vya kufungulia loku kwa mkono, cha kulia kilivunjika zamani, cha kushoto kimekauka kama kimepigiliwa misumari. Mama wa watu akatolewa kwa kupitishwa katikati ya viti vya mbele, na tumbo lake na uchungu wake, mume anasukuma mjomba anavuta, wauguzi wamesimama nje wanapiga vioo. Mjomba anasema zilikuwa dakika kama saba. Anasema pia kwamba hajawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, tunamshukuru Mungu. Lakini gari ndiyo basi tena. Habari zilifika Nkome kabla ya mjomba mwenyewe. Mlango wa kushoto ulibaki umekwama vile vile, abiria wachache waliobaki wakawa wanapandia upande mmoja kama kuku bandani, wengine wakawa wanasubiri gari la nyuma hata kama wamechelewa. Nami nimo humo humo, maana bumu likichelewa anayenitumia hela ya kula ni hiyo hiyo Carina.

Ndipo akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu wangu. Hivi hiyo fizikia mnayosoma huko Chang'ombe, ina milango?"

Nikamwuliza mafundi wamesemaje. Fundi mmoja mjini alimwambia abadilishe vitasa vyote vinne pamoja na kile alichokiita kompyuta ya milango, laki tano na nusu. Mwingine akamwambia akate nyaya zote asahau habari ya senta loku. Nikauliza, kuna aliyefungua mlango akatazama ndani? Hakuna. Wote walisikiliza hadithi wakataja bei.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi tunapanda magari haya tukidhani senta loku ni uchawi wa Wajapani. Wazo lenyewe ni la zamani. Wamarekani waliweka loku za umeme kwenye gari lililoitwa Scripps-Booth mwaka 1914, likapita, kisha Packard wakalirudisha mwaka 1956. Zile Benzi za zamani za W123 ambazo wazee wenye pesa walikuwa wakizipenda hazikutumia umeme kuvuta loku, zilitumia mvuto wa hewa uliopitishwa kwenye vibomba vyembamba mpaka mlangoni. Ukisikia gari limezimwa halafu milango inafunga kwa mlio wa kukohoa, ndiyo hizo.

Carina ni rahisi kuliko hapo. Ndani ya kila mlango, pamoja na kitasa, kuna mota ndogo unaweza kuifumbata mkononi. Ina nyaya mbili. Ukipeleka chanya kwenye waya wa kwanza na hasi kwenye wa pili, inazunguka upande mmoja, gia inasukuma, mlango unajiloki. Ukigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume, loku inaachia. Basi! Kidato cha nne, mada ya sumakuumeme, tuliimba kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming mpaka vidole vikauma, na hakuna aliyetuambia kwamba mkono huo umejificha ndani ya mlango wa mchomoko. Nikienda mazoezi ya kufundisha, wallahi nitakwenda na kitasa darasani.

Kinachogeuza chanya na hasi ni rilei, na hiyo imejificha huko chini ya dashibodi. Dereva anapobonyeza swichi iliyo mlangoni kwake hapeleki umeme kwenye mota. Anachofanya ni kugusisha waya mmoja mwembamba na bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi. Rilei ikihisi mguso huo inazipiga mota zote umeme kwa muda usiofika sekunde moja, kisha inakata. Kumbukeni huo mguso wa waya na bodi, ndio wenye kesi.

Kwa kuwa gari liko Nkome na mimi niko Dar, nikampa mjomba kazi. Nilimwambia asubiri usiku, kelele zikitulia, amwambie kijana wake abonyeze swichi, yeye asogeze simu kwenye mlango mmoja baada ya mwingine. Mimi nimelala kitandani bwenini, simu sikioni, wenzangu wanadhani naongea na mchumba. Mbele kulia: kwap! Mbele kushoto: kwap! Nyuma kulia: "tiki" hafifu kama saa ya ukutani. Nyuma kushoto: kimya cha kaburi.

Hapo tayari una majibu nusu. Mlio hafifu maana yake umeme unafika lakini mota haina nguvu, kaboni zake zimelika au grisi imegeuka gundi. Kimya kinaweza kuwa mota imekufa, au waya umekatika kabla ya kuifikia. Lakini kule kujifunga kwenye mashimo hakuhusiani na mota kabisa. Mota haina akili ya kujiamulia. Lazima ipigwe na rilei, na rilei lazima ipate mguso kutoka mahali. Maana yake ni kwamba mjomba angelipa ile laki tano na nusu, angepata vitasa vinne vizuri kabisa, na jini lingebaki ndani linamfungia kwa nguvu zaidi!

Jumamosi iliyofuata nikaenda Gerezani. Nikaulizia mota tupu, si kitasa kizima. Muuza spea wa kwanza akanitazama toka kandambili mpaka rasta.

"Dada, gari ya mzee?"

"Ya mjomba."

"Mwambie aje mwenyewe basi."

"Yuko Nkome."

"Ndiyo wapi huko?"

Nikaachana naye. Duka la tatu kulikuwa na baba mmoja mtaratibu, aliposikia maelezo hakuuliza gari ni la nani, akatoa boksi la mota ndogo zenye namba FC-280. Mota za aina hiyo ndizo zinazokaa ndani ya vitasa vya magari mengi, ya Japani na yasiyo ya Japani, ila wauzaji wengi wanapenda kukuuzia kitasa kizima kwa sababu zinazoeleweka. Elfu nane moja. Nikachukua mbili. Na kile kidude cha ndani cha kufungulia loku, cha nyuma kulia, nikapata cha mtumba kwa elfu sita. Jumla elfu ishirini na mbili, nikabakiwa na nauli na karanga.

Safari sitaisimulia, ilikuwa ndefu kama kawaida. Nililala Mwanza kwa dada, kesho yake tukavuka kwa daraja la Kigongo-Busisi, hilo la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo tulikuwa tukivuka kwa kivuko, na abiria wote tulishushwa kwenye basi tukaingia kivukoni kwa miguu. Watu walikuwa wakinung'unika kila mara, jua kali, watoto mgongoni. Safari hii nilikuwa na mota mbili kwenye mkoba, nikatazama maji pale chini, nikawaza Carina ya mjomba iko kwenye kivuko milango imejiloki na watu wanne nyuma. Nikaona afadhali ya jua kali.

Siku ya kwanza kazi ilikuwa mlango wa nyuma kushoto, ule uliokwama. Kava la mlango ambao uko wazi unalitoa kwa dakika tano. Kuna skrubu nyuma ya kishikio, nyingine pale mtu anapoegemeza mkono, halafu vibanio vya plastiki kuzunguka ukingo. Mlango uliofungwa ni mateso. Ilibidi tutoe kiti cha nyuma chote, nilale ubavu sakafuni miguu ikiwa nje mlango wa pili, nianze kubandua kava kutoka chini kidogo kidogo. Bisibisi inavunja vibanio na kuchana kava, kwa hiyo niliomba mwiko. Bibi akauliza mwiko wa nini, mjomba akamwambia wa gari. Bibi akautoa, lakini kwa uso ule ambao mnaujua.

Mnaweza kukisia nilichokuta? Kwanza ile nailoni inayobandikwa kati ya kava na chuma haikuwepo. Fundi fulani wa miaka ya nyuma alikuwa ameichana akafunga alamu, alamu ikafa, nyaya zake akaziacha zimesokotwa na kufungwa tepu, zinaning'inia kama mlenda. Pili, chini kabisa ya mlango, tope. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango wa gari lolote kupitia pembeni mwa kioo, hilo ni la kawaida, ndiyo maana chini kuna vitundu vya kuyatoa. Na nailoni ile kazi yake ni kuyazuia yasije upande wa abiria. Vitundu vya Carina vilikuwa vimezibwa na vumbi jekundu la barabara, likachanganyika na maji, likakaa humo mwaka baada ya mwaka. Nilichokonoa tope la kujaza kikombe. Kitasa chenyewe kilikuwa kimeota kutu na kukauka, kwa hiyo hata ungekuwa na mkono wa bondia usingevuta ile loku kwa ndani.

Yaani usiku ule umeme haukuwa na kosa peke yake. Hata kama milango isingejiloki, loku ya mkono ya upande huo ilishakufa siku nyingi, hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeitumia. Senta loku ikifanya kazi watu wanasahau kwamba mkono upo.

Nikapaka oili ya kulainisha, nikasubiri, nikasukuma kile chuma chembamba kinachounganisha kidude cha loku na kitasa, nikarudia kama mara ishirini. Mlango ukaachia kwa mlio wa debe. Mjomba aliyekuwa nje ameshikilia kishikio alianguka chali. He he he... pole mjomba, nakupenda.

Mota nikaipima kwa betri ya sola ya bibi, nayo ni volti 12 kama ya gari. Nyaya mbili, gusa. Kimya. Geuza, gusa. Kimya. Nikaigonga kidogo kwa mpini wa mwiko, ikashtuka robo mzunguko, ikafa tena. Hiyo ni dalili ya kaboni zilizokwisha. Nyumba ya mota ni plastiki iliyogundishwa, lazima uikate taratibu kwa kisu chenye moto, uchomoe mota, uihamishe gia kwenye mota mpya bila kuivunja meno, ufunge tena kwa gundi. Moja ilinichukua asubuhi yote. Ya pili, ya mlango wa kulia, saa moja tu. Mikono inajifunza haraka kuliko kichwa, hilo wahadhiri wetu wa saikolojia ya elimu watanisamehe.

Tukabonyeza swichi. Kwap nne, zote zenye nguvu. Kijana wa mjomba akashangilia. Mjomba hakushangilia, akasema twende tukalijaribu kwenye mashimo. Hatukufika hata senta. Kwap! Limejifunga lenyewe.

Siku ya pili, mlango wa dereva. Kati ya mlango na nguzo ya gari kuna mpira mweusi wa mikunjo, ndani yake zinapita nyaya zote za mlango huo. Kila ukifungua zinakunjwa, kila ukifunga zinakunjuka. Mjomba kwa uchache anafungua mlango wake mara 40 kwa siku. Tuseme siku 300 kwa mwaka, hizo ni mara 12,000. Gari analo mwaka wa tisa huu, mara 108,000. Na huko Japani je? Hata mgongo wa binadamu hauvumilii hivyo.

Nikauvuta mpira upande wa nguzo, nikaurudisha nyuma. Waya mmoja ulikuwa umevuliwa ngozi kabisa, urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa, na umelala karibu na ukingo wa chuma. Mwingine pembeni yake umebaki nyuzi tatu. Nikamwita mjomba, nikamwambia simama hapo usiguse swichi. Nikausogeza ule waya kwa kidole mpaka ukagusa chuma.

Kwap! Milango yote minne.

Nikauachia, tukafungua, nikaugusisha tena. Kwap! Mjomba hakusema neno. Alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akatazama ule mpira muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda barabarani, akarudi na watu. Kwanza wawili, baadaye nadhani nusu ya kijiwe cha bodaboda. Ikabidi niwe mwalimu kabla ya kuajiriwa. Nilirudia onyesho lile mara sita au saba, kila mara kwap, kila mara watu wanarudi hatua moja nyuma. Mzee mmoja akauliza swali ambalo sijui ningelijibuje kwenye mtihani: "Sawa binti, ni waya. Sasa hilo jini nani alilifundisha kukaa kwenye waya?" Watu wakaangua kicheko. Lakini mama mmoja muuza dagaa, mmoja wa wale walioacha kupanda, alisogea akaomba augusishe yeye mwenyewe. Akafanya. Akasema, "Kumbe." Kesho yake alfajiri alipanda, na ndoo zake mbili. Mimi nalihesabu hilo kuliko alama ya somo lolote.

Kuunga waya nako kuna namna yake, na hapa nazungumza na mafundi wa kusokota na kufunga tepu. Waya uliokatikia kwenye mkunjo usiungwe kwenye mkunjo. Utakatika tena hapo hapo, tena mapema, kwa sababu kiungo ni kigumu. Tulikata sehemu yote iliyochoka, tukaweka vipande virefu vya waya laini wenye nyuzi nyingi, viungo vyake vikakaa ndani ya mlango na ndani ya nguzo ambako hakuna kinachokunjwa. Kuchomea risasi alituchomea fundi redio wa pale Nkome, kijana mwenye mkono mtulivu kuliko mafundi magari wote niliowaona. Alidai elfu mbili na soda. Nailoni ya milango tukakata mpya, ile nzito ya kuanikia dagaa, tukaibandika vizuri. Vitundu vya chini tukavizibua vyote. Nyaya za ile alamu marehemu nikazitoa kabisa, zikajaa mfuko.

Basi nikadhani tumemaliza, kumbe ndipo ugomvi ulipoanza. Pembeni mwa mlango wa nyuma, ukiufungua utaona kiwashio kidogo cha loku ya watoto. Kikiwashwa, kishikio cha ndani hakifungui kitu, lazima mtu wa nje akufungulie. Mjomba alikuwa amewasha pande zote mbili, kama wenye michomoko wengi. Nikazima zote. Akaziwasha. Nikazima.

"Mwalimu, abiria anashuka kabla hajalipa. Nimekimbizwa mara ngapi?"

"Na yule mama je, mjomba?"

"Na mtoto wa mtu akifungua gari liko mwendo, akaanguka? Utamwambia mama yake habari za waya?"

Ukweli ni kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Gari lina watu wanne nyuma pahali pa watatu, mtoto amepakatwa amebanwa mlangoni, mkono wake unachezea kishikio. Nimeona kwa macho yangu. Tulibishana mpaka chakula cha usiku kikapoa, bibi akituangalia mmoja mmoja. Mwishowe tukakubaliana hivi: kulia, upande wa magari yanayotupita, loku ya watoto ibaki imewashwa. Kushoto, upande wa kushukia, izimwe, na mtoto asikae upande huo. Mjomba mwenyewe aliongeza kwamba atakuwa anapokea nauli kabla ya kuondoka, akanung'unika kwamba Nkome haijawahi kuona maajabu hayo.

Nikawa na sharti moja la mwisho. Nilitaka nijue kama mtu wa kawaida anaweza kutoka humo gizani bila umeme wowote. Nikachomoa terminali ya betri, kwa hiyo hakuna swichi wala vioo vya umeme. Nikaloki milango yote kwa mkono. Aliyekuwa tayari kukaa nyuma ni bibi. Ana miaka sabini na kitu, vidole vimejaa baridi yabisi. Nikamwonyesha mara moja tu: vuta hiki, kisha vuta hicho. Tukafunga, tukasimama nje.

Tukasikia anahangaika. Tukasikia anamtaja marehemu babu. Kidude kilikuwa kigumu kwake. Mimi na mjomba tulikuwa tunakivuta kwa kidole kimoja tukaona ni sawa, bibi hakuweza kabisa. Nikamtoa, nikafungua kava tena usiku ule ule kwa tochi ya simu, nikapaka grisi kwenye kila kiungo cha kile chuma chembamba, nikakinyoosha mahali kilipokuwa kimepinda kinasugua. Saa nne usiku tukarudia.

Safari hii tulihesabu mpaka nane. Mlango wa kushoto ukafunguka, bibi akatoka, akafunga khanga yake vizuri, akauliza mwiko wake uko wapi.